Naomba ushauri: wino wa gombo la Torati unabanduka

Ndugu zangu, sinagogi letu hapa Nairobi lina gombo la zamani la Torati, lililoandikwa kwa mkono juu ya ngozi, ambalo wino wake umeanza kupasuka na kubanduka, hasa kwenye safu zinazosomwa mara kwa mara. Kati ya herufi zake 304,805, hata moja ikikatika, gombo halifai kusomwa ibadani mpaka litengenezwe na mwandishi aliyefuzu, ambaye naye haruhusiwi kulifuta Jina la Mungu. Wakati tukimtafuta, je, tulilaze au tulisimamishe, na unyevu wa chumba tuudhibiti vipi? Mwenzetu mmoja anapendekeza gundi. Mimi naiogopa sana. Gombo linaloweza kuokolewa lisizikwe makaburini, kama desturi yetu ilivyo kwa magombo yaliyochakaa kabisa.