Mjadala: Watoto wa mtaani Malindi, tuwape pesa mkononi au tuache?

Mwanzisha mada, Shela
Msimu wa watalii ukikaribia, maneno ni yaleyale: mji usafishwe, wageni wasisumbuliwe. Watoto wanazolewa usiku, na haipiti muda wako palepale stendi, chupa ya gundi puani.

Nitawaudhi baadhi yenu. Mimi nasema tuache kuwapa pesa mkononi. Juzi nimemwona mmoja, labda miaka tisa, kaomba kwa Kiitaliano safi kuliko changu, kapewa noti ya hamsini. Hajavuka barabara, mkubwa wao kashampokonya. Pesa hizo bora ziende kwenye sufuria moja, mahali pamoja, kila jioni. Ramadhani tunaweza: futari inapikwa msikitini na anayepita anakaribishwa. Miezi kumi na mmoja iliyobaki inatushindaje?

Mkazi wa Maweni
Kaka, ukiwaambia watu "acheni kutoa", watakushika hapo hapo. Mikono itafungwa na sufuria haitapikwa.

Muuza mahamri, Kisumu Ndogo
Mimi alfajiri niko kwenye karai. Wananijia wanne, watano. Pesa siwapi, nawapa mahamri yaliyolala na mbaazi zilizobaki chini ya sufuria. Kuna mmoja hula nusu, nusu anaifunga kwenye gazeti na kuitia mfukoni. Nikamuuliza ya nani, akasema ya mama. Kumbe mamake yuko Muyeye, alikuwa akifua mashuka hotelini, hoteli ikafunga mwezi wa tano. Basi jamani msiseme hawana kwao. Huyu kwao kupo, jiko ndilo halijawashwa.

Mchangiaji wa Barani
Na wasio na kwao kabisa? Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda wa maili kumi wa Pwani wadai ardhi zao mbele ya serikali ya kikoloni. Wamijikenda wengi, wenyeji wa Pwani hii, hawakupata kitu, na isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali. Mpaka leo mtu amezika babu yake shambani na bado anaitwa skwota. Siku mwenye hati akija na tingatinga, familia nzima inahamia kwa ndugu mjini, na ndugu mwenyewe ana chumba kimoja cha kupanga. Watoto watalala wapi? Sufuria yako, kaka, haina paa.

Mkazi wa Maweni
Hapo sasa. Halafu utasikia "hiyo ni kazi ya Nairobi". Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makao na ya kutokuwa na njaa. Cha 53 kinamtaja mtoto waziwazi: lishe, makao, matibabu. Na Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo, linalogawa kazi kati ya serikali ya taifa na kaunti, limeweka vituo vya kulelea watoto kwenye kazi za kaunti. Ndiyo, maofisa wa watoto wako chini ya serikali ya taifa, lakini wampeleke mtoto wapi kama kituo hakuna? Anarudishwa kwa bibi anayelea wajukuu kwa shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, ule msaada wa serikali kwa wazee na wasiojiweza. Pigeni hesabu ya unga tu, mafuta muyaache.

Mwanzisha mada, Shela
Nimekubali la paa, sina jibu. Ila la noti mkononi sijalegeza. Mama wa mahamri ndiye amenifungua macho: tusisubiri sufuria ya kaunti. Mwenye hamsini yake ailipe kibandani, iandikwe kwenye daftari, mtoto ale. Mkubwa wao hawezi kupokonya kilichoko tumboni. Mama, utakubali?

Muuza mahamri, Kisumu Ndogo
Daftari ninalo, mwanangu. Limejaa majina ya watu wazima wanaokopa tangu hoteli zifungwe. Wewe nitakufungulia ukurasa wako. Niko hapa kuanzia saa kumi na moja alfajiri, uje na pesa, usije na maneno.