MREJESHO: Uzamili wa uongozi wa elimu kwa wakufunzi, Malindi na Lamu

Niliuliza jinsi ya kuwaandalia wakufunzi wa vyuo vyetu vya ufundi masomo ya uzamili ya uongozi bila kuwatoa kazini. Ahsanteni sana wakuu, ushauri umefanyiwa kazi.

Kila somo sasa limefungwa kwenye kazi halisi ya chuo. Chukua ratiba: wanafunzi 30 wa uchomeleaji, mashine 10. Lazima makundi 3, kila moja na zamu yake kamili. Ukiwaingiza wote pamoja, 20 watasimama wakitazama, na muhula utaisha mikono yao haijui kazi. Mkufunzi anapanga zamu, anakadiria vijiti vya kuchomelea, kisha anaitetea bajeti mbele ya mkuu wa idara. Uongozi hufunzwa hapo, si kwa kukariri nadharia.

Ana kwa ana ni wakati wa likizo tu, Malindi. Wa Lamu hawawezi kuvuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, kila wikendi. Muhula ukiendelea wanapakua masomo kwenye simu, maana mtandao hukatika.

Msimamizi wa masomo ya mkufunzi asitoke idara ya mkufunzi huyo. Bosi wako akikusahihishia, utathubutu kuandika udhaifu wa idara yake?

Imebaki idhini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kabla ya hapo hasajiliwi mtu.