Kukata skripti ya SQL kauli moja moja kwenye migresheni: njia ipi inafaa?

Asali_Tabora
Wakuu, salaam kutoka Tabora. Tuna mfumo wa ushirika wa wafugaji nyuki, upande wa Sikonge na Urambo, kanzidata ni PostgreSQL. Mabadiliko ya majedwali (migresheni) tunayaandika kwa SQL ghafi. Programu yetu inasoma faili, inakata kila inapokuta nukta mkato, inatuma kauli moja moja. Kwa CREATE TABLE na ALTER TABLE haijawahi kusumbua. Sasa tumeingiza fankisheni na triga (kauli zinazojiendesha jedwali likibadilika) za kukokotoa malipo ya asali, na seva inagoma: `unterminated dollar-quoted string`. Naona njia tatu: kuboresha kikata chetu, kuipa psql (programu ya amri ya PostgreSQL) faili zima, au kuhamia Flyway au goose, zana za kuendesha migresheni. Mliozitumia, nisaidieni kulinganisha.

fundi_wa_Ujiji
Mkuu, ya kwanza achana nayo. Nukta mkato humaliza kauli pale tu isipokuwa ndani ya matini, komenti au mwili wa fankisheni. Kikata chako kitalazimika kufuata alama za kunukuu, `--` hadi mwisho wa mstari, `/* */` ambazo PostgreSQL inaruhusu moja ndani ya nyingine, na `$$` inayofungua na kufunga mwili wa fankisheni, ambayo inaweza kubeba jina katikati, kama `$malipo$`.

Na sisi tunaoandika komenti kwa Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe. Angalia:

```
-- kata ya Ng'ambo na jirani zake
INSERT INTO kata (jina) VALUES ('Ng''ambo');
UPDATE wafugaji SET kata_id = 7 WHERE kata_id IS NULL;
```

SQL hiyo ni sahihi kabisa. Lakini kikata kinachofuata alama za kunukuu bila kujua komenti kitaichukua ritifaa ya mstari wa kwanza kama mwanzo wa matini. Kuanzia hapo kila kitu kinageuka: kilicho nje kinaonekana kiko ndani, na nukta mkato baada ya INSERT inapita bila kuonekana. Kauli mbili zinakwenda zimeshikana, na draiva (kiungo kati ya programu yako na kanzidata) inayotayarisha kauli kwanza inarudishiwa `cannot insert multiple commands into a prepared statement`. Utatafuta kosa kwenye UPDATE wakati liko kwenye komenti. Kwa ng'ombe, ng'ambo na kung'oa tulizo nazo, hili si jambo la nadra.

Dada_Kanzidata
Naunga mkono psql. Ndiyo inayoijua lugha ya seva yake kuliko chochote tutakachoandika sisi. Ila usiiite hivi hivi:

`psql -v ON_ERROR_STOP=1 -1 -f 012_malipo.sql`

Bila ON_ERROR_STOP, kauli ikikataa psql inaendelea na inayofuata, halafu inamaliza kama vile hakuna kilichotokea. Ukiiweka, inasimama na kurudisha namba 3, hivyo programu yako inajua. Ile `-1` inafunga faili zima kwenye muamala mmoja (kauli zote zikubaliwe au zote zifutwe), na kwa kuwa PostgreSQL inaweza kurudisha nyuma hata CREATE TABLE, faili likikwama hakuna kinachobaki nusu. CREATE INDEX CONCURRENTLY haikubali kukaa ndani ya muamala, kwa hiyo ipe faili lake peke yake bila `-1`.

Kibirizi_Dev
Huku Kigoma tunatumia MySQL kwa hesabu za dagaa na mgebuka, na ushauri wa dada hauhami mzima mzima. MySQL inathibitisha muamala yenyewe kila ikikutana na CREATE au ALTER. Kauli ya nne ikikataa, tatu za mwanzo zimeshakaa. Ndiyo maana sisi tunaweka badiliko moja la jedwali kwa kila faili.

Halafu DELIMITER, ya kubadilisha alama ya kumaliza kauli: hiyo ni amri ya programu ya `mysql`, seva haiijui. Ukiipitisha kwenye draiva unapata kosa 1064, la sintaksia.

Kodi_Nzega
Kwani lazima kukata? Kwa PostgreSQL tuma faili zima kama matini moja bila vigezo. Seva itazitenganisha yenyewe na kuziendesha kama muamala mmoja. Hakuna haja ya kusakinisha psql kwenye kila mashine. Sharti ni draiva yako itumie itifaki rahisi (simple query), isiyotayarisha kauli kwanza.

fundi_wa_Ujiji
Sahihi, mradi faili halikutoka kwa pg_dump, zana ya kunakili kanzidata nzima kwenye faili. Humo kuna `COPY ... FROM stdin` ikifuatiwa na data, na hiyo haiendeshwi hivyo.

Kuhusu zana: Flyway ina kichanganuzi chake, haikudai alama za ziada. goose inakata kwa nukta mkato, ila wewe unaizungushia fankisheni `-- +goose StatementBegin` na `-- +goose StatementEnd`. Mimi naipenda hii ya pili. Anayesoma faili anaona mpaka kwa macho, hakuna kubahatisha.

Asali_Tabora
Asanteni sana. Timu yetu ni ndogo na tunaandika Go, basi goose kwa seva. Limebaki moja: tableti za wakaguzi wa mizinga zina SQLite (kanzidata ndogo isiyo na seva), na triga zake zina BEGIN na END zenye nukta mkato ndani. Huko je?

Dada_Kanzidata
Huko ndiko rahisi kuliko kote. `sqlite3_prepare_v2` inasoma kauli ya kwanza tu, kisha inakurudishia kielekezi cha pale ilipoishia. Unazunguka kuanzia hapo mpaka matini iishe, na triga inahesabiwa kauli moja. Kama kuna Python, `executescript` inafanya kazi hiyo, ila kumbuka inathibitisha kwanza muamala ulio wazi, kwa hiyo BEGIN na COMMIT ziandike ndani ya skripti yenyewe.