Naomba ushauri: rada inakosa maji yaliyo chini ya miti

Wakuu, habari zenu. Natengeneza ramani ya mafuriko ya mto kwa picha za rada za setilaiti ya Sentinel-1, maana siku za mafuriko mawingu hutanda na picha za kawaida za setilaiti mwenzake, Sentinel-2, hutoka nyeupe tupu. Maeneo ya wazi hayana shida: maji yaliyotulia huyatupa mawimbi ya rada upande mwingine, hivyo panaonekana peusi. Nikilinganisha na picha ya kiangazi, tofauti inajionyesha yenyewe.

Tatizo ni msitu wa kandokando ya mto. Maji yakiingia huko panang'aa zaidi, kwa sababu mawimbi yanagonga maji, yanagonga shina la mti, kisha yanairudia setilaiti. Programu yangu inapahesabu pakavu! (Mchanga mkavu nao hutoka mweusi kama maji, ila huo naufuta kwa kuwa ulikuwa mweusi hata kabla.)

Aliyewahi kupambana na hili anisaidie: niweke kizingiti (kiwango cha mng'ao cha kutenganisha maji na pakavu) cha pili kwa sehemu zilizong'aa kupita kawaida, au nitafute picha za mawimbi marefu, kama za setilaiti ya ALOS-2, yanayopenya majani vizuri zaidi? Na kati ya VV (mawimbi yanayotumwa na kupokelewa wima) na VH (yanayotumwa wima, yakapokelewa mlalo), msituni mnaiamini ipi?