Ulinganisho: P&O, Cunard au Marella kwa familia yenye wakwe Waingereza?

Mtanga wa Leicester

Wakubwa shikamooni, na wenzangu salaam. Mke wangu ni Mwingereza, na mwakani wazazi wake wanatimiza miaka 40 ya ndoa. Wameamua kusherehekea kwa safari ya meli, familia nzima kwa pamoja, na kazi ya kuchagua kampuni nimeachiwa mimi, nadhani kwa sababu nimezaliwa Tanga na wanaamini kila aliyezaliwa pwani anajua meli. Baba mkwe anaitaja P&O kila tukikaa mezani. Mama mkwe anaitaka Cunard kwa ajili ya chai ya alasiri na usiku wa kuvaa vizuri. Shemeji yangu anashikilia Marella kwa kuwa vinywaji vimo ndani ya nauli. Ipi kati ya hizo inawafaa zaidi Waingereza wa kawaida, wasio matajiri wala wabahili? Malipo ya awali yanatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi.

Nahodha wa Nchi Kavu

Ndugu, karibu, lakini umetuficha mengi. Mnasafiri mwezi gani? Watoto wapo, na wana umri gani? Wakwe wako wako tayari kupanda ndege, au lazima meli ing'oe nanga Uingereza? Na mna bajeti ya kiasi gani kwa kila mtu? Usipoyajibu hayo, kila mmoja hapa atakusifia meli aliyoipanda yeye.

Binti Mvita

Kwa wakwe wa aina hiyo jibu ni P&O, na sioni haja ya kuzunguka. Makao yake ni Southampton, meli zake nyingi huondokea hapo hapo, bili za ndani ni kwa pauni, na kwenye chumba utakuta birika na majani ya chai, jambo ambalo Mwingereza aliye likizoni hulithamini kuliko bwawa la kuogelea. Tangu mwaka 2019 waliondoa ile bakshishi ya kila siku iliyokuwa ikiongezwa kwenye bili, kwa hiyo nauli uliyoiona ndiyo iliyo na huduma ndani yake. Kama kuna watoto, tazameni Iona au Arvia, ambazo kila moja hubeba abiria wapatao 5,200. Msije mkakata tiketi za Arcadia au Aurora kwa kuvutiwa na bei, maana hizo mbili hazipokei mtu aliye chini ya miaka 18. Na atakayechoka na viazi atapata mchuzi wa kweli: kampuni hiyo imeajiri wahudumu kutoka Goa kwa vizazi, na jikoni inaonekana.

Kobe Mkongwe

Abiria 5,200 si safari, ni kuhamia mtaa mpya. Unapanga foleni ya kifungua kinywa, foleni ya lifti, kisha foleni ya kuteremka kwenye kijiji cha Norway ambacho wakazi wake hawafiki idadi ya watu waliomo melini. Kwa wazee wanaosherehekea ndoa yao mimi ningetafuta Fred. Olsen. Ni kampuni ya ukoo wa Kinorwe, lakini ofisi zake ziko Ipswich na abiria wake karibu wote ni Waingereza. Meli zake, Bolette, Borealis na Balmoral, ni ndogo kiasi cha kupenya mahali ambapo majumba yale hayafiki, na baadhi ya safari huanzia Liverpool au Newcastle, hivyo mtu wa kaskazini halazimiki kushuka hadi Southampton. Nao Saga ni wazuri mno, ila hawachukui watoto, na safari zao zimekusudiwa watu wa miaka 50 na kuendelea.

Mtanga wa Leicester

Nashukuruni nyote. Tunakusudia Agosti. Watoto ni wawili, wa miaka 6 na 11. Baba mkwe hapandi ndege kabisa, hilo halina mjadala, na goti lake moja linamsumbua. Mke wangu alipendekeza Juni ili tupunguze gharama, lakini tungetozwa faini kwa kuwatoa watoto shuleni wakati wa masomo.

Nahodha wa Nchi Kavu

Faini ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto mkilipa ndani ya siku 21, na baada ya hapo ni 160. Wapo wanaopiga hesabu wakaona bado Juni ni nafuu. Siwashauri, nawaelezeni tu. Ama Marella, imejiondoa yenyewe. Ni ya kampuni ya utalii ya TUI, ilikuwa ikiitwa Thomson hadi mwaka 2017, na mpango wake wa kawaida ni kukupeleka kwa ndege hadi Palma au Corfu ukapandie meli huko. Shemeji yako ana hoja, kwa kuwa vinywaji na bakshishi vimo ndani na ndege huondokea hata East Midlands, karibu kabisa na kwenu, lakini haina maana kwa mzee asiyeruka.

Bajeti bado.

Mama Salha

Mbona hakuna aliyeuliza pasipoti? Nyote mnabishana juu ya birika na foleni. Nitaeleza yaliyotupata mwaka 2018, na kampuni sitaitaja.

Tulikata tiketi za Southampton kwenda La Coruña, kisha Gibraltar, kisha Cádiz, na kurudi. Mimi na mume wangu tuna pasipoti za Uingereza. Mdogo wangu, ambaye alikuwa akiishi Reading kwa kibali cha makazi, alikuwa na pasipoti ya Kenya tu. Akaomba viza ya Schengen, yaani ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya zilizoungana kwa mipaka, katika ubalozi mdogo wa Hispania, akapewa, tukafurahi. Siku ya safari tukafika bandarini mapema, mizigo ikachukuliwa na wapagazi, tukapanga mstari, na yule binti wa kaunta akaifungua pasipoti ya mdogo wangu, akaitazama stika, akawaita wenzake wawili. Viza ilikuwa ya kuingia mara moja. La Coruña ni Schengen, Gibraltar wakati ule haikuwa Schengen, na Cádiz ni Schengen tena. Kwa hiyo angeingia, angetoka, na asingeruhusiwa kuingia mara ya pili. Tuliomba abaki melini siku ya Cádiz, tena tukasema tutaandika barua na kutia saini. Wakakataa, kwa maelezo kwamba abiria lazima awe na hati za kumwezesha kushuka katika kila bandari, hata kama hana nia ya kushuka. Mzigo wake ulikuwa umekwisha kupakiwa. Ikabidi tusubiri utafutwe. Alipanda treni ya kurudi Reading akiwa amevaa kofia yake ya jua, nasi tukaendelea na safari kwa sababu fedha zilikuwa zimekwisha kulipwa. Hakurudishiwa nauli. Bima nayo ilikataa, kwa kuwa upungufu wa hati haukuwamo katika mambo iliyoyakinga.

Basi, ndugu yetu wa Leicester, unasafiri kwa pasipoti gani?

Mtanga wa Leicester

Ya Tanzania. Ninacho kibali cha makazi ya kudumu hapa, na sikuomba uraia kwa sababu sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, nami sipendi kuupoteza wa nyumbani. Mke wangu na watoto wana pasipoti za Uingereza. Nilidhani safari inayoanzia na kuishia Southampton haihitaji viza.

Kobe Mkongwe

Basi nendeni Norway. Haimo katika Umoja wa Ulaya.

Mama Salha

Mzee wangu, kwa heshima zote, hapo umemwelekeza shimoni. Norway haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo katika Schengen tangu mwaka 2001. Viza ni ile ile. Aombe ya kuingia mara nyingi, na aambatanishe ratiba ya meli inayoonyesha bandari zote kwa mfuatano wake. Tena aanze mapema, kwani kupata nafasi ya miadi kwa ajili ya msimu wa kiangazi ndiyo taabu yenyewe.

Kobe Mkongwe

Nimekubali kuhusu viza. Kuhusu meli kubwa sijakubali.

Sharifu wa Southampton

Naona Cunard imesahauliwa, nami ninaishi karibu na gati lao. Queen Mary 2, iliyoanza kazi mwaka 2004, ilijengwa hasa kwa kuvuka Atlantiki. Huenda New York kwa usiku saba, na umbo lake huikata bahari mbaya vizuri zaidi kuliko yale maghorofa yaelekeayo Karibi. Mama mkwe atapata chai yake na dansi. Lakini zingatieni mambo mawili. Bili za ndani ni kwa dola za Marekani, na ada ya huduma huongezwa kwa kila mtu kila siku, watoto wakiwamo, hivyo kwa familia ya watu sita kiasi chake si cha kupuuzwa. Pili, New York ingemtaka ndugu yetu awe na viza ya Marekani. Wana safari nyingine za Norway kwa meli zao nyingine.

Kuhusu mavazi usihangaike kununua suti nyeusi. Usiku wa tafrija mimi nilivaa kanzu, koti na kofia ya kiua, na mlangoni nilipewa tabasamu kuliko wengi waliovaa tai.

Binti Mvita

Kanzu ni sawa kwako, Sharifu, lakini swali ni baba mkwe mwenye goti bovu, atakayelazimika kuvaa rasmi ili tu ale chakula cha jioni. P&O nao wana usiku rasmi, ila asiyetaka ana mikahawa mingi ya kukimbilia akiwa na fulana yake.

Sharifu wa Southampton

Cunard pia wana mahali pa kula kwa asiyetaka kujipamba. Halazimishwi mtu.

Nahodha wa Nchi Kavu

Kuna njia ambayo hamjaitaja, nayo ni safari ya kuzunguka visiwa vya Uingereza wenyewe: Invergordon, Kirkwall, Belfast, Guernsey. Hakuna Schengen humo. Fred. Olsen wanazo, na wengine pia.

Mama Salha

Iwapo tu haigusi Dublin wala Cobh, kwa maana Ireland ina viza yake, na Mtanzania anaihitaji. Ratiba nyingi za namna hiyo huigusa. Tena huko Guernsey meli kubwa hazifungi gatini. Abiria huteremshwa kwa boti ndogo, na mahali pa kukanyagia hupanda na kushuka na wimbi. Kwa goti la mzee, ulizeni kwanza.

Mtanga wa Leicester

Nimewasomea wakwe majibu yenu usiku huu. Baba mkwe amesema Guernsey ameshafika, na kwamba anataka kuona milima ya Norway kabla hajafa. Mama mkwe ameuliza kama kanzu huazimwa. Nitaandika ombi la miadi ya viza Jumatatu, na nimewaomba P&O watushikie vyumba viwili vya Iona, kimoja chenye roshani. Hawajajibu kama wanaweza kusubiri viza itoke. Mwenye uzoefu wa malipo ya awali kurudishwa viza ikikataliwa tafadhali aseme.

Mama Salha

Kwa kawaida hayarudi. Soma masharti, na tafuta bima inayotaja kunyimwa viza kwa maandishi, si kwa maneno ya simu.

Mjane wa Cardiff

Samahanini kwa kuingilia. Mimi husafiri peke yangu, na kila ninapouliza bei ya chumba naambiwa nilipe karibu nauli ya watu wawili. Kuna kampuni isiyofanya hivyo?

Kobe Mkongwe

Dada yangu, hapo ndipo meli ndogo zinapomshinda Binti Mvita. Fred. Olsen wana vyumba vya mtu mmoja, hata vyenye roshani, lakini huisha mapema. Unapendelea kuanzia bandari ipi, na mwezi gani?