Naunda chesi ya majini na Nunda, Jini anaharibu mchezo wote. Naombeni ushauri

mtoto_wa_chumbageni

Wakuu salaam. Mi ni mtu wa chesi ila nimekulia kwenye mabenchi ya drafti hapa Tanga mjini, kuna kitu natengeneza naomba mawazo yenu hasa wale wanaojua michezo ya bodi. Wale wa kuja kuandika "tafuta hela kijana" naomba wapite pembeni leo.

Ni chesi ya viumbe vya kwetu, yani badala ya madragoni ya Wazungu nimechukua hawa tunaotishiwa nao tangu wadogo. Bodi nimeiweka 10 kwa 10, kete za kawaida zote zipo, mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na askari, afu nimeongeza sita. Jini yeye hatembei, anapotea hapa anatokea chumba chochote kilicho wazi, ila kula anakula kama malkia. Nunda ni yule paka wa sultani wa kwenye hadithi, anaanza mdogo anakwenda chumba kimoja kimoja, akila kete ya kwanza anapata mwendo wa askofu, ya pili anaongezewa wa ngome, ya tatu na wa farasi juu yake. Chunusi, yule anayevuta watu majini, akigusana na kete ya adui hiyo kete haisogei mpaka yeye aondoke. Chewa anameza kete ya upande wake anaogelea nayo anaenda kuitema mbele. Mwanga, yani mchawi wa usiku, anabadilishana nafasi na kete yoyote ya kwake. Wa mwisho Ngamia, anaruka kama farasi ila mrefu, vitatu mbele kimoja pembeni.

Sasa shida iko hapa, kila mchezo Jini ndo muuaji. Nikimtoa mchezo unapoa, watu wanaanza kuangalia simu. Na Nunda akishakula wawili mwenzio anasukuma bodi anasema basi umeshinda. Nimpunguze Jini vipi bila kumfanya askari mwenye jina kubwa? Na hiyo 10 kwa 10 ni sawa au nimejitanua sana?

kula_lazima

Nimeweka kiti hapa. Nikitoka kazini narudi na maneno, hii imenigusa.

mzee_wa_sahare

Kijana, kwanza hongera, kazi hii waliifanya wafalme. Mwaka 1283 Alfonso X wa Castile kule Hispania aliandikisha kitabu cha michezo, ndani yake mna chesi kubwa ya vyumba 12 kwa 12 yenye simba, mamba na twiga. Na kwenye chesi ya Timur, yule mtawala wa Asia ya Kati, huyo Ngamia wako yumo, na mruko wake ni huohuo wa vitatu na kimoja. Kwa hiyo wewe umerudisha mtu kwao.

Ila Ngamia ana tabia moja uijue. Mruko huo haubadilishi rangi, akianza kwenye cheupe atakufa kwenye cheupe. Ukimpa kila mchezaji Ngamia wawili hakikisha mmoja anaanza cheupe mwingine cheusi, vinginevyo nusu nzima ya bodi hawaigusi. Katika chesi ya zamani ya Waarabu, ile shatranji, kulikuwa na tembo aliyeruka vyumba viwili mshazari, basi katika vyumba 64 yeye maisha yake yote alifika 8 tu! Na tembo wote wanne wa mezani hawakuweza kukutana hata siku moja. Kete ya namna hiyo unaibeba tu kama mzigo.

BiKashata

Mdogo wangu mi nitasema la ukweli, kete sita mpya ni nyingi. Chesi yenyewe ina aina sita tu na bado watu wanasahau askari anakulaje, wewe umezidisha mara mbili. Capablanca aliyekuwa bingwa wa dunia alipotaka kuikuza chesi miaka ya 1920 aliongeza kete mbili tu, moja ni ngome na farasi kwa pamoja, nyingine askofu na farasi kwa pamoja, bodi ya 10 kwa 8. Hakuna anayehitaji kufundishwa mwendo mpya hapo, anajua tayari. Na usidhani zimepoa, ile ya askofu na farasi inamfunga mfalme aliye peke yake kwenye kona bila msaada wa mtu, jambo ambalo malkia hawezi.

Chewa mtoe. Kete inayobeba kete ni ugomvi, aliyemezwa analindwa? Chewa akiliwa anakufa na abiria wake? Utakuwa unaamua kesi badala ya kucheza.

Halafu jina la Mwanga. Hapo kijiweni hamna neno, lakini ukitaka watoto wacheze, mzazi gani wa Tanga atakubali mwanawe arudi nyumbani anasema "leo nimecheza mwanga"? Jini watamvumilia kwa sababu yumo kwenye kila hadithi. Mwanga utaitiwa kikao.

mtoto_wa_chumbageni

Shikamoo mzee wa Sahare, hilo la rangi sikuliona kabisa, wangu wote wawili wanaanzia cheupe 😂

Dada Kashata umenichana ila nimeelewa. Chewa nilimpenda jamani, ila ni kweli, juzi tu tulibishana nusu saa kuhusu abiria. Mwanga naweza kumwita Nahodha, kazi ileile ya kubadilishana nafasi, si nahodha ndo anayepanga watu chomboni? Jini bado hamjanisaidia.

kula_lazima

Nimerudi. Naanza na Jini.

Ujue ubaya wa Jini si kula kama malkia. Malkia ni mkali lakini anahitaji njia, ukiziba njia umemfunga mdomo. Jini wako hana njia ya kuzibwa, akihama popote anatua mahali anapotishia mfalme na ngome kwa mpigo, wewe unaokoa mfalme yeye anakula ngome, ukimlenga kesho yake hayupo. Sasa mtu atajilinda na nini? Ndo maana wanasukuma bodi, si kwamba hawajui kucheza.

Wengine watakwambia mpunguzie kula, ale chumba kimoja tu kama mfalme. Itafanya kazi lakini atakuwa jini wa kutekenya. Mi nasema mwache ale kama malkia ila LAZIMA AITWE. Jini hatokei popote, anatokea tu kwenye chumba kilichogusana na askari wa kwake. Ona kinachotokea hapo, askari wako aliyejipenyeza mpaka kwa adui anakuwa mlango. Adui hawezi kumkamata Jini lakini anaweza kumla askari, mlango umefungwa. Ghafla askari ambao kila mtu alikuwa anawatupa wanagombaniwa kama shilingi. Na ongeza kwamba zamu anayotokea haruhusiwi kumpa mfalme cheki, yani kumtishia kumla, ili mtu apate pumzi moja.

Nunda sasa. Huyu ndo ananifurahisha zaidi na umemwacha bila lijamu. Aliye juu anazidi kwenda juu, aliye chini hana pa kushika. Wewe si umekulia kwenye drafti? Kwenye drafti kula si hiari, ipo ya kula unakula, na mafundi wote wa benchi wanashinda kwa hilo, anakupa moja kwa mkono wa kulia anakuchukulia tatu na kingi juu. Mfanye Nunda hivyohivyo. Akiwa mdogo anachagua, akishakula hata kete moja njaa imemwingia, kikiwepo cha kula LAZIMA ale. Hapo ukiwa na Nunda mkubwa una silaha na una mzigo, maana mwenzako anatupa askari wa bure pembeni, Nunda wako anamfuata kama mjinga, kule ngome inamsubiri.

fundi_msasa

Hapo kwa Nunda umeua mkuu.

Mi naongelea mkononi. Mtajuaje mezani Nunda kafika hatua gani? Msianze kuchonga Nunda wadogo na wakubwa, ni gharama na watapotea. Tumia visoda. Kama drafti unavyopandisha kingi kwa kubebanisha visoda viwili, Nunda naye akila mchomekee kisoda chini, visoda vitatu kashiba. Kete zenyewe kwa kuanzia chonga kwa mti wowote laini, bora umbo litofautiane ukiangalia kwa JUU, maana mchezaji anaangalia kwa juu hakai sakafuni. Nimeona seti nzuri kweli ya kuchonga ambayo huwezi kujua nani askofu nani malkia mpaka uinue.

kompyuta_mbovu

Kuna programu ya bure inaitwa Fairy-Stockfish, ni ndugu wa ile Stockfish ya chesi ya kawaida ila hii unaiandikia bodi na kete zako kwenye faili dogo la maandishi, afu inacheza yenyewe kwa yenyewe. Ngamia ataingia kirahisi sana. Nunda wa kukua na Jini wa kuitwa sikuahidi kitu, hao wabaki wa mezani. Lakini hata kwa kete za kawaida tu itakuonyesha kama anayeanza anashinda kupita kiasi kwenye mpangilio wako.

Na kwa bodi nakuunga mkono upunguze. Farasi katikati ya bodi anashika vyumba 8 iwe bodi ndogo au kubwa, kwa hiyo bodi ikikua yeye anabaki nyuma, ngome na malkia ndo wanaonufaika. Askari nao wanatembea safari ndefu mpaka mtu anasinzia. Omega Chess ambayo ina eneo la 10 kwa 10 iliruhusu askari kuanza kwa hatua hadi tatu. Ukiganda na 10 kwa 10 fanya hivyo, la sivyo nenda 10 kwa 8.

mtu_wa_ngamiani

Nimesoma uzi mzima kuangalia kama kuna atakayependekeza Ngamia atolewe. Angethubutu.

BiKashata

😂😂 Watu wa mtaa wa Ngamiani mna shida nyie.

Chunusi hajaguswa. Kete ya kugandisha wenzake si ngeni, Robert Abbott aliiweka kwenye mchezo wake wa Ultima mwaka 1962, na Gary Gygax kwenye Dragonchess ya 1985, ile ya bodi tatu zilizopandana, ana kiumbe anayeigandisha kete ya adui iliyo kwenye bodi ya juu yake. Shida yake ni wawili wakikutana wanagandishana na kona nzima inakufa. Kwako iko hivyo?

mtoto_wa_chumbageni

Ndo ilivyo dada, Chunusi wawili wakishikana pale katikati mchezo unageuka foleni.

BiKashata

Basi mrudishe baharini. Chunusi nani kamkuta sokoni? Safu wima ya kwanza na ya mwisho ya bodi, zile za pembeni, zifanye maji, zipake rangi ya bluu, Chunusi atembee humo tu juu na chini, na agandishe yule tu aliyeingia majini. Kete iliyo nchi kavu haimuhusu hata akiwa jirani yake. Na Chunusi kwa Chunusi hawakamatani. Ngome wanaopenda kupita pembeni watafikiria mara mbili.

mtoto_wa_chumbageni

Aisee. Sawa, naandika upya hivi: bodi 10 kwa 8, Chewa katoka, Mwanga ni Nahodha, Ngamia mmoja kila rangi, Chunusi wa majini, Jini wa kuitwa na askari, Nunda wa kula lazima na visoda chini. Malkia nimemtoa ili Jini akae pale, nadhani wawili kwa pamoja ni fujo.

Swali moja limebaki. Mfalme wangu kapewa cheki, na zamu hiyohiyo Nunda wangu ana kete ya kula upande mwingine. Lazima ipi inatangulia?

mzee_wa_sahare

Mfalme. Hakuna mchezo wa chesi ambao mfalme anasubiri.

kula_lazima

Mfalme kwanza, ila zamu inayofuata kama chakula bado kipo Nunda anakula, asisamehewe. Na zikiwa kete mbili za kuliwa mwenye Nunda ndo anachagua. Iandike kabisa kwenye karatasi kabla hamjakaa, maana hapo ndo mtakapokunjana mashati. Jumamosi niko mjini, mnakaa benchi gani?