Tupeane uzoefu: mmewahi kurudishiwa amana ya nyumba?

Wadau, nimehama mwezi uliopita na uchungu haujaniisha. Nilikaa nyumba ile miaka minne, kodi sikuwahi kuchelewesha. Siku ya kukabidhi funguo, mwenye nyumba alipita chumba hadi chumba, akafika nyuma ya mlango wa bafu, akagusa ukuta kwa kidole. Rangi ikabanduka kama ganda la kidonda. "Hii umeharibu wewe." Amana yote ikaishia hapo. Unyevu ule niliukuta, unatoka kwenye bomba lililopita ndani ya ukuta, na nilimweleza zaidi ya mara moja. Kwa mdomo! Mkataba unasema amana hukatwa kwa uharibifu unaozidi uchakavu wa kawaida, ila ushahidi sina. Waliopitia haya mlifanyaje? Wenye nyumba nanyi semeni.

Mchangiaji wa 1: Pole sana ndugu yangu. Mimi kabla hata godoro halijashushwa nilipiga picha kila kona, mpaka namba za mita ya umeme, nikamtumia mwenye nyumba siku hiyohiyo. Akajibu "sawa". Neno hilo moja na tarehe yake ndivyo vilivyonirudishia amana.

Mchangiaji wa 2: Mimi ni mwenye nyumba. Mpangaji wangu alikaa kimya koki ikivuja chini ya sinki, akaweka ndoo tu. Kabati likaoza, maji yakashuka kwenye dari ya jirani wa chini. Kutengeneza ni wajibu wangu, nakubali, lakini nitajuaje usiponiambia? Nilikata sehemu ya amana, nikampa na risiti za fundi azione.

Mchangiaji wa 3: Mimi nilidaiwa kodi ya miezi miwili, sikatai. Jioni moja narudi, kitasa kimebadilishwa, vitu vyangu vyote vimo ndani. Nchi nyingi sheria haimruhusu mwenye nyumba kumtoa mtu kwa mkono wake hata kama anamdai: atoe notisi, kisha aende mahakamani au kwenye baraza linalohusika. Nilikwenda kwenye msaada wa kisheria, wakaandika barua moja tu. Funguo nikapewa, na deni tukaandikishana nilipe kidogo kidogo.

Mwanzisha mada: Asanteni mno. Nimepekua simu yangu ya zamani, nimekuta ujumbe wa mwaka wa pili nikimwomba alete fundi bomba, naye akajibu "nitamtuma". Kesho naandika barua ya kudai amana na ujumbe huo nauambatanisha.